Chonge la Nabor

Obdulia aliingia dukani kwangu akicheka, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka kwa miaka minne. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Alibeba mkate mkubwa wa maziwa uliofungwa kwa karatasi, bado wa moto, akautua juu ya picha za watu pale kaunta, akanikumbatia na unga wake wote wa kazini.

"Si yeye, komadre," aliniambia sikioni. "Wamelinganisha, wameona si yeye."

Mbele ya kaunta alikuwepo don Filemón wa matairi, ambaye nilikuwa nagombana naye kwa dakika ishirini nzima. Alivua kofia, akasema Mungu ni mkubwa, akairudisha kofia kichwani na kuendelea kunisubiri.

Mimi ni Casilda Tinajero, mwenye duka la picha nyuma ya soko hapa Acámbaro, nililoachiwa na baba. Obdulia Mandujano anakanda mkate kwenye tanuri la mtaa wa pili. Mwanawe wa pekee, Nabor, nilimshika mimi siku ya ubatizo, mimi ndiye madrina wake, mama wa ubatizo, na tangu siku hiyo mama yake na mimi tunaitana komadre, na hilo kwetu linashinda undugu wa damu. Nabor alitoka na pikipiki Alhamisi moja ya Februari, miezi minane baada ya kumaliza shule. Alikuwa na miaka kumi na minane. Hajarudi. Obdulia akajiunga na wanawake wenye majembe na vyuma vya kuchomea ardhi, wanaopanda milimani kila Jumapili kuwatafuta watoto wao chini ya udongo, na mabango yao yote nayachapa mimi.

Mwezi wa tano walipata mabaki ya kijana. Kimo cha Nabor, umri wa Nabor, kiatu saizi ya Nabor. Kipimo cha damu kina foleni ya miaka, kwa hiyo ofisi ya maiti ya jimbo iliomba kitu cha haraka zaidi: picha moja tu ambayo kijana anaonekana meno, wayalinganishe na ya yule waliyenaye. Obdulia alipeleka picha iliyoko ukutani kwake, ndiyo hiyo hiyo iliyoko kwenye mabango. Niliipiga mimi.

"Barua hii hapa," alisema. "Nataka uniskanie niwatumie dada zangu Chicago. Ufanye kwa ile aina yako isiyopoteza kitu, si ile ya simu."

"Unaona, don Filemón?" nilisema. "Mtu hajasoma hata darasa la saba, anaelewa. Wewe una karakana mbili."

"Mimi naelewa matairi," alisema don Filemón.

Tulichokuwa tukigombania ni bango la mita tatu. Nembo aliyoniletea ilikuwa kwenye simu, katumiwa na mpwa wake, naye mpwa katumiwa na aliyeichora, na kila mkono ilipopita ilibanwa kidogo. Nilikuwa nimemwambia kwamba nikiivuta mpaka mita tatu, tairi lake litafanana na tortilla, ile chapati ya mahindi, iliyoungua. Akanijibu basi niivute kidogo kidogo.

Kwa miaka ishirini nimekuwa nikihubiri jambo hili kwa watu wasiotaka kusikia. JPEG ni ya kutuma. Ni nyepesi kwa sababu inatupa vitu: inaangalia picha, inaamua yenyewe jicho lako halitahitaji hiki na kile, inavitupa, na ukiifungua ukairekebisha ukaihifadhi tena, inatupa vingine. PNG haitupi. Inatunza kila nukta na inakubali kuacha nyuma pakiwa patupu, ndiyo maana nembo na maandishi ni vyake. TIFF ni ya kuchapa, nzito kama gunia la mahindi yaliyolowa, na hakuna simu inayotaka kuibeba. Halafu kuna picha ghafi, ile kamera iliyoona kabla mtu yeyote hajatia maoni yake. Hiyo haipendezi, imepooza, humwonyeshi mtu. Unaiweka tu, kama unavyoweka cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa sababu siku moja mtu atakuuliza ukweli. Nimewaambia hivyo mabibi harusi, nimewaambia waganga wa meno na wauza nyama. Nimekuwa mkali kwa watu waliofuta picha zao ghafi. Nilimliza msichana mmoja hapa dukani.

Nikaweka barua ya Obdulia kwenye skana, na huku taa ikipita nikaisoma, kwa mazoea tu ya kuangalia kama herufi zimetoka safi.

Ilikuwa na mistari sita. Kwamba mabaki namba mia nne kumi na saba yamelinganishwa na picha ya Nabor Ruelas Mandujano. Kwamba katika mabaki, chonge la juu upande wa kushoto limejitokeza mbele ya safu na kulalia jino la pembeni yake. Kwamba katika picha, safu ya meno ya juu imenyooka na chonge liko mahali pake. Matokeo: ameondolewa.

"Komadre, we uliisoma hii?" nilimuuliza.

"Niliona hilo neno la mwisho. Nikauliza ameondolewa ndo nini, binti pale mapokezi akanambia ndo kwamba si wako, mama, endelea kumtafuta." Alikuwa akikata mkate kwa mikono, anamgawia don Filemón. "Kula, kula. Leo nimekanda mwenyewe na siagi nimeongeza."

Nilimpa barua yake na faili lake. Nilikula mkate. Don Filemón akaenda zake na Obdulia akaenda zake, na kutoka mlangoni nilimsikia akiwaambia wauza maua wa pale kona kwamba si yeye. Nikafunga duka saa sita kasoro.

Jino lile nalijua. Lilimwota Nabor akiwa na miaka kumi na moja, likakuta nafasi imejaa, likapanda juu ya mwenzake na kubaki huko. Wenzake walimwita Popo. Vyuma vya kunyooshea meno mama yake asingeweza kuvilipia, na mimi sikujitolea, jambo ambalo nalifikiria sasa zaidi ya nilivyowahi. Akajifunza kuongea na mdomo nusu. Akicheka, mkono unapanda mdomoni. Pitia picha zote za sikukuu za familia ile na utaona kijana mwenye macho mazuri na kiganja.

Mtaniuliza, mama mtu alisahauje? Hakusahau. Obdulia analijua jino lile kuliko mimi. Lakini kwa miaka minne ameamka na picha ile na kulala nayo, ameibusu, ameinyanyua juu barabarani mpaka mikono ikafa ganzi, na mwanawe aliyembakia ni huyo wa kwenye picha. Na hakuna aliyemwambia tofauti ilikuwa jino gani.

Huku kwetu kijana akimaliza shule hupigwa picha mbili. Ya kwanza ni ya cheti: umbo la yai, nyeusi na nyeupe, karatasi isiyong'aa, mdomo umefungwa. Ofisi inadai kwa maandishi kwamba iwe imerekebishwa. Chunusi zitoke, kovu litoke, sikio lililochomoza lirudi nyuma kidogo. Ukipeleka isiyorekebishwa wanakurudisha foleni. Nimerekebisha vijana wa mji huu tangu nikiwa na miaka kumi na sita, kwanza kwa kalamu ya risasi juu ya negativu ya filamu, halafu kwa kompyuta, na hakuna aliyewahi kuuita uongo. Ni adabu, kama kumchana mtoto nywele kabla hajatoka.

Ya pili ni ya rangi, ya familia, na hapo mama hutaka kijana acheke.

"Cheka, mwanangu," nilimwambia Nabor siku ile. Joho la kuazima lilikuwa limempwaya mabegani.

"Sicheki, madrina. We unajua kwa nini."

"Cheka, nitalinyoosha mimi. Bure, na bila sindano."

"Kweli?"

"Nimeshawahi kukudanganya?"

Akacheka. Alicheka mdomo wote, kichwa kikarudi nyuma, mikono yote miwili iko chini. Ni mara ya pekee niliyomwona hivyo tangu utotoni, na nilibonyeza mara moja tu kwa sababu mara ya pili alikuwa ameshajifunika.

Siku ile nilikuwa nimepiga wanafunzi sitini na wawili, na yeye, kwa kuwa ni wangu, nilimweka mwisho. Kadi ya kamera ilikuwa imekaribia kujaa. Nikazima ghafi, nikaacha JPEG peke yake ili wote waenee. Jioni nikafungua faili, nikachukua chonge lake la kulia lililo zuri, nikaligeuza, nikalipandikiza kushoto, nikalainisha ufizi. Ilikuwa kazi safi. Nikabonyeza hifadhi. Sikubonyeza hifadhi nakala, nilibonyeza hifadhi, mimi niliyemliza msichana wa watu, na faili jipya likakaa juu ya la zamani. La zamani likaisha duniani.

Siku tatu nilitafuta. Nilichomoa diski zote kabatini, hata zile zinazolia kama nyenje. Nilitafuta kwenye kadi za zamani kwa programu ya kufufua vilivyofutwa, nikafufua harusi za watu waliokwisha kuachana. Nilienda kwa vijana aliosoma nao, mmoja sasa anauza simu, mwingine ni askari, nikawaomba waangalie simu zao. Waliangalia kwa moyo wote. Kiganja, kiganja, mdomo umefungwa, kiganja. Kijana wa simu aliniambia, "Popo alikuwa hapigwi picha hivihivi, señora," halafu akaona haya kwa lile jina.

Ijumaa mchana, nikiwa sina tena pa kutafuta, nilipasua faili lenyewe. Kamera ikipiga JPEG huficha ndani yake picha ya pili, ndogo sana, ya kukuonyesha kwenye kioo chake cha nyuma. Upana nukta mia moja na sitini, urefu mia moja na ishirini. Programu nzuri ukibadilisha picha kubwa huibadilisha na ile ndogo. Yangu ni ya zamani, kila mtu huniambia niitupe, na haikuwa na akili hiyo.

Nabor alikuwemo. Alikuwa mkubwa kama stempu, kichwa nyuma, anacheka, na kushoto kwenye safu ya juu palikuwa na nukta tatu zisizofanana na zingine: nyeupe moja, ya kijivu moja, na moja nyeusi ya kivuli cha jino lililolalia lenzie. Nililia kwa furaha, nikiri. Kwa robo saa nzima nilifikiri nimemwokoa mtu.

Nikaichapa kwa saizi yake ile ile, nikaenda tanurini.

Obdulia alikuwa peke yake mezani na donge kubwa la unga. Nilimwambia nimekuja kumwambia kitu kuhusu jino la Nabor.

"Jino lipi?" alisema, na mikono ikaendelea mara mbili, tatu. Kisha ikasimama. Alipeleka kidole chenye unga kwenye mdomo wake mwenyewe, upande wa kushoto, juu, akakiacha pale.

"Barua inasema yule ana chonge lililopanda," nilisema. "Picha haina. Picha haina kwa sababu nililitoa mimi."

"Ulilinyoosha."

"Nililinyoosha."

"Alinambia. Siku ile alirudi anaruka ruka, mama, madrina kaninyoosha." Alikitazama kidole chake. "Kwa hiyo wao wamelinganisha yule na nani?"

Nilitoa ile picha ndogo mfukoni.

"Kwa hiyo ndiye," alisema.

"Sijui, komadre."

"Unajua."

Nikampa ile picha ndogo. Aliishika kwenye kiganja, akasogea mlangoni penye mwanga. Mkate uliokuwa tanurini ukaungua na hakuna aliyeutoa.

"Huyu hapa," alisema mwishoni, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Huyu ndiye wangu. Sasa yule ninayewaonyesha watu ni nani?"

"Obdulia."

"Nimesimama stendi ya mabasi Morelia, Celaya, Querétaro. Madereva wa malori, manesi, wafungwa, wanajeshi. Nimewaambia mtazameni anavyocheka, mtamjua kwa anavyocheka. Mtu anaweza kuwa amemwona. Pengine kacheka naye, halafu akaangalia karatasi yangu akasema hapana, yule ana jino bovu, siye. Umewahi kuliwaza hilo?"

Nilikuwa nimeliwaza siku tatu. Niliwaza karatasi elfu tano, mabango thelathini na moja, yote nimeyachapa kwa TIFF kutoka kwenye faili lile, rangi nimezipima, meno yanang'aa kutoka ng'ambo ya barabara. Nilijisifu kwa meno yale.

Jumatatu tulipanda basi la alfajiri mpaka makao makuu ya jimbo. Daktari wa meno wa ofisi ya maiti alikuwa mwanamke mdogo, Zuleyma Oropeza, mwenye sweta lililochakaa viwiko. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na sikuweza. Alituketisha, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akachomeka flashi yangu, akafungua ile picha ndogo na kuikuza. Uso wa Nabor ukawa vijumba vya rangi. Akakuza tena. Mdomo ukawa vijumba kumi na vitano hivi, na kile cheusi kikakaa katikati kama dirisha.

Alifungua pembeni picha ya fuvu, kisha akaangalia kama Obdulia anaona, akaigeuza skrini imtazame yeye daktari peke yake.

"Ninawaamini," alisema. "Mimi kama Zuleyma ninawaamini kabisa. Ila hapa siwezi kusaini. Mwendesha mashtaka ataniuliza hiki ni jino au ni uchafu wa kioo, na mimi sitakuwa na jibu."

"Si unaona kivuli?" nilisema.

"Naona nukta nyeusi, mama. Umeniambia wewe kwamba ni kivuli."

"Damu yangu mnayo," alisema Obdulia. "Mwaka wa tatu sasa."

"Tunayo. Lakini namba mia nne kumi na saba alishaondolewa kwako. Akishaondolewa, mfupa wake haupimwi na damu yako." Alivua miwani. "Na hayupo tena hapa. Vyumba vimejaa. Jumanne iliyopita walipelekwa ishirini na sita kaburi la pamoja. Kumfukua kunahitaji amri, na amri inahitaji sababu mpya. Nileteeni picha moja iliyo wazi, moja tu, meno yaonekane, na leo hii hii nitaomba amri. Hamna nyingine?"

"Hakuna nyingine," nilisema. "Alikuwa hacheki."

Jumanne iliyopita. Siku ile tunakula mkate.

Kwenye korido Obdulia alikaa kwenye benchi la chuma na kunivuta mkono nikae naye. Alisema taratibu, kama anayeomba kikombe cha sukari, "Lirudishe."

"Nini?"

"Jino. Ulilitoa, lirudishe. Unakumbuka lilivyokuwa. Dakika ngapi?"

Dakika kumi. Ningeweza kulifanya kwa dakika kumi, na hakuna daktari wa meno katika jimbo hili ambaye angegundua. Nilikuwa tayari nimeliona kichwani, mwanga unatoka upande gani, ufizi unapanda wapi. Nawaambia hili ili msinidhanie mtu mwema.

"Nikilirudisha litakuwa jino langu," nilisema. "Si lake. Nitakuwa nalichora lifanane na barua. Na kama aliyeko kule ni mtoto wa mwanamke mwingine? Utamzika, utamlilia, na mwenzio ataendelea kuchoma chuma ardhini mpaka afe."

"Na la ukutani kwangu lilikuwa la nani?"

Nikasimama, nikaenda kuulizia basi la kurudi.

Njiani kurudi alikaa dirishani. Nilimnunulia maji, akayashika bila kuyafungua. Tulipofika alishuka mbele yangu na kutembea kwenda kwake, na mimi nikafungua duka kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Jumamosi alikuja. Alisubiri mpaka wateja waliomtangulia wamalize, kama mtu mwingine yeyote, kisha akaweka kaunta ile picha ndogo, sasa imefubaa kingo kwa kushikwa.

"Nataka bango la hii," alisema. "Mita mbili."

"Haitaonekana kitu. Obdulia, nukta ni mia moja na sitini. Kila nukta itakuwa kubwa kama ukucha wa kidole gumba chako. Hakuna mtu atakayeona uso."

"Kesho tunapanda mlimani. Nataka mita mbili."

"Niache niilainishe kidogo angalau, kuna njia ya kukuza..."

"Usiguse kitu," alisema. "Nichapie ilivyo, señora."

Miaka ishirini na tatu nilikuwa komadre wake, sikuwahi kuwa señora.

Nikaichapa ilivyo. Niliihifadhi PNG, isipoteze hata nukta moja katika zile chache ilizo nazo, nikaituma mashineni, nikasimama naye tukiangalia turubai likitoka polepole. Vijumba vya joho. Vijumba vya shingo. Mbele ya mashine, kwa karibu, palikuwa na sakafu ya vigae tu iliyopakwa rangi za ngozi. Don Filemón, aliyekuja kuchukua bango lake, aliangalia, akaangalia tena. Akaondoka bila kuuliza tairi lake limetokaje.

Obdulia alipiga goti kabla turubai halijapoa, akatembeza kiganja juu yake mpaka akapata anachotafuta. Akaweka kidole kwenye kijumba cheusi.

"Hapa," alisema, si kwangu.

Alikataa nimsaidie kukunja. Alikunja mwenyewe, vijumba vikiangalia ndani, akaweka begani na kutoka. Nilimtazama mpaka akapinda kona ya wauza maua. Huko mlimani watamuuliza hii ni nini, naye atajibu ni mwanangu, na wanawake wale wataitikia kwa kichwa, kwa kuwa kila mmoja ana kitu kama hicho nyumbani.

Simu yangu ililia nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ilikuwa namba nisiyoijua, ya Tijuana, kwenye kundi la watu wanaotafuta ndugu zao, na juu yake maneno yale ya simu: imesambazwa mara nyingi. Tusaidiane kumtafuta kijana huyu, mama yake anateseka. Nikaifungua. Imepita mikono mingi sana picha ile ya mabango yetu, miaka minne, kila mkono ukiibana kidogo. Nywele zimekuwa doa. Macho yake mazuri yameyeyuka, huwezi kusema ni ya rangi gani. Jina halisomeki vizuri. Meno tu ndiyo yaliyobaki, meupe, yamenyooka, kama nilivyoyapanga.